Masharti ya milima ya volkano si uonevu

Mhariri,

Nimeisoma kwa makini barua ya msomaji mwenzetu iliyochapishwa katika gazeti lako, ambaye analalamika kwamba safari yake na mkewe katika milima ya volkano ya magharibi mwa Marekani iliharibiwa na wingi wa masharti: msiwashe moto, msiokote jiwe, msitoke nje ya njia, msilale hapa, ombeni kibali kwanza. Anaona kwamba watu wazima wawili wenye gari lao na hema lao hawapaswi kuchungwa kama watoto. Mimi na mume wangu tumepita katika milima hiyohiyo wakati wa majira ya joto, tukilala kwenye hema na kutembea kwa miguu, kutoka Mlima Lassen huko California, upande wa kusini, hadi Mlima Rainier katika jimbo la Washington, upande wa kaskazini, na naomba nafasi nimjibu. Masharti mengi anayoyalalamikia hayakutungwa na afisa aliyekaa akitafuta namna ya kuwakera wageni. Yametokana na udongo wenyewe, na anayeuelewa udongo huo huyafuata bila kinyongo.

Milima ya Cascades imejipanga kuanzia kaskazini mwa California, ikapita Oregon na Washington hadi ndani ya Kanada. Chini ya bahari iliyo jirani, bamba dogo la gamba la dunia liitwalo Juan de Fuca linadidimia polepole chini ya bamba la Amerika Kaskazini. Linaposhuka linatoa maji, maji hayo yanaufanya mwamba wa moto ulio juu yake uyeyuke kwa urahisi zaidi, na mwamba huo ulioyeyuka ndio unaopanda na kuijenga milima. Kazi hiyo haijakoma. Lassen ulilipuka mara kwa mara kati ya 1914 na 1917, na wasomaji wako wengi wa umri wangu wanakumbuka habari za mlipuko wa Mlima St. Helens, katika jimbo la Washington, mwaka 1980.

Nianze na sharti la kutotoka nje ya njia, ambalo ndilo lililomuudhi mwenzetu kuliko yote. Katika hifadhi ya Lassen lipo bonde liitwalo Bumpass Hell, ambako mvuke unafoka kutoka ardhini, matope yanatokota, na hewa yote inanuka kiberiti. Mgeni anapita juu ya daraja la mbao lililojengwa kwa ajili hiyo. Bonde lina jina la Kendall Bumpass, mlowezi aliyelifahamu vizuri kuliko watu wengi wa wakati wake, ambaye katika miaka ya 1860, akiwa amewapeleka watu wa gazeti kulitazama, alikanyaga gamba jembamba la ardhi likavunjika na mguu wake ukatumbukia katika tope linalochemka. Hatimaye mguu huo ulikatwa. Inasimuliwa kwamba alikuwa ametoka tu kuwaonya wenzake waangalie wanapokanyaga. Mhariri, ukiwahi kwenda huko na mwandishi wako wa safari, mtangulize yeye.

Hatari ya kuungua, hata hivyo, iko mahali pachache. Kwingineko kote sharti la njia halimlindi mtembezi, linaulinda udongo. Wasafiri wengi hufika kwenye ziwa la Crater Lake, huko Oregon, wakapiga picha ukingoni na kuendelea na safari. Ziwa lenyewe linastahili sifa zote linazopewa: lina kina cha mita 594, hakuna jingine lenye kina kama hicho Marekani nzima, halina mto unaoingia wala unaotoka, na maji yake yote ni ya theluji na mvua iliyojaza shimo lililobaki pale Mlima Mazama ulipolipuka na kuporomokea ndani yake miaka ipatayo 7,700 iliyopita. Sisi pia tulikaa ukingoni tukaduwaa. Ila ningemshauri mwenzetu aendeshe kidogo kuelekea kaskazini, asimame kwenye uwanda uitwao Pumice Desert. Mlipuko ule uliufunika kwa tabaka nene la pumisi, lile jiwe lililojaa matundu ya hewa, jepesi kiasi cha kuelea majini, ambalo halitunzi maji wala halina rutuba ya maana. Mpaka leo misonobari imesimama pembeni mwa uwanda, na katikati utaona vishada tu vya nyasi na maua madogo, kila kimoja mbali na mwenzake. Mtu anayekikanyaga kishada kimoja ili apate pembe nzuri ya picha anakanyaga kitu kilichotafuta mahali pa kushika mizizi kwa muda mrefu sana.

Aliyewahi kupiga kambi kwenye udongo wa namna hiyo hahitaji kuhubiriwa. Kigingi cha hema kinaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, halafu upepo wa jioni unakichomoa kwa urahisi uleule. Mume wangu, ambaye anaamini kwamba hakuna tatizo lisilo na kamba ya kulifunga, alijaza changarawe kwenye mifuko tuliyobebea vyakula, akaifukia, akafunga kamba za hema kwenye mifuko hiyo, na hema likatulia usiku kucha. Asubuhi, tulipokunja hema, alama za magoti yetu, za vigingi vilivyoshindwa na za kila mahali tulipokokota sanduku la vyombo zilikuwa wazi kana kwamba zimepigwa mhuri. Hapo tulikuwa ndani ya eneo lililotengwa kwa kambi, ambalo limekwisha kukanyagwa na watu wengi kabla yetu na halina la kupoteza. Ndiyo maana wageni wanabanwa walale palepale walipolala wengine: sehemu ndogo inaachwa iharibike ili zilizobaki zisiguswe.

Udongo huohuo unaeleza jambo jingine linalowashangaza wanaokwenda kwa mara ya kwanza, yaani ukosefu wa maji katika milima inayofunikwa na theluji sehemu kubwa ya mwaka. Theluji inapoyeyuka, maji yanapenya moja kwa moja chini kupitia majivu na lava yenye nyufa, na mtembezi anaweza kupita mabonde makavu kwa saa nyingi huku kilele cheupe kikimtazama. Maji hayo huibuka mbali na chini zaidi, kama kwenye chemchemi za mto Metolius huko Oregon, ambako mto unatoka miguuni mwa kilima cha Black Butte ukiwa tayari ni mto, tena wa baridi kali. Kwa sababu hiyo vijito vichache vilivyoko juu vinategemewa na kila mtembezi na kila mnyama, na ndipo linapotoka sharti la kupiga hema na kufukia kinyesi umbali wa mita 60 hivi kutoka kwenye maji. Sijui ni starehe gani ambayo mwenzetu anaikosa kwa kutembea hatua hizo.

Kule Rainier sababu ni theluji. Mabustani ya maua ya Paradise hupokea kwa wastani theluji ya zaidi ya mita 15 kila mwaka, na mara nyingi ardhi haionekani mpaka Julai. Mimea ina wiki chache tu za kuota, kuchanua na kutoa mbegu kabla baridi haijarudi. Njia moja ya mkato iliyokatwa na watu wachache wenye haraka hugeuka mfereji wa maji, kisha korongo.

Lakini mahali ambapo barua ya mwenzetu ilinisikitisha ni pale aliposema kwamba St. Helens ni majivu matupu, na kwa hiyo hakuna cha kuharibu. Tarehe 18 Mei 1980, saa 2:32 asubuhi, tetemeko la ukubwa wa 5.1 liliuangusha ubavu wote wa kaskazini wa mlima, yakawa maporomoko ya ardhi makubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa. Mlipuko uliofuata ulitoka kwa upande badala ya kwenda juu, ukaulaza chini msitu wa takriban kilomita za mraba 600. Mlima ulipungua urefu kwa mita 400 hivi, na watu 57 walikufa, miongoni mwao mtaalamu wa volkano David Johnston, aliyekuwa zamu akiuangalia mlima huo. Mwaka 1982 eneo hilo liliwekwa chini ya ulinzi wa sheria, na sehemu kubwa ikaachwa ijiponye yenyewe bila kupandwa miti wala kusafishwa, ili watafiti wafuatilie namna uhai unavyorudi.

Na umerudi kwa njia ambazo asiyeinama hawezi kuziona. Mmea wa kwanza kujitokeza kwenye uwanda wa pumisi ulikuwa lupini, mmea mfupi wa maua ya zambarau unaoweza kujipatia naitrojeni kutoka hewani na kuiacha ardhini kwa faida ya mimea itakayofuata. Wanyama wadogo wachimbaji, mfano wa fuko, walionusurika kwa kuwa walikuwa mashimoni mlipuko ulipotokea, waliendelea kuchimba na kuupandisha juu udongo wa zamani uliofunikwa na majivu. Tulisimama kando ya njia tukakitazama kishada kimoja cha lupini: kwenye majani yake, yaliyofunguka kama vidole, palikuwa na matone ya umande, na chini yake, katikati ya changarawe ya kijivu, palikuwa na duara dogo la udongo mweusi ambalo kofia yangu ingelifunika lote. Hiki ndicho mwenzetu anachokiita majivu matupu. Katika ziwa la Spirit Lake, magogo yaliyong'olewa siku ile bado yanaelea, na upepo unapobadilika yanahama kwa pamoja kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kuhusu moto nitasema machache, kwa kuwa ninajua ladha ya anachokililia. Jioni ya milimani bila moto wa kuni ni baridi na ni fupi. Mtu na mwenzi wake hunywa chai iliyochemshwa kwenye jiko dogo la gesi, wakaingia hemani mapema. Hata hivyo misitu hiyo hukauka sana ifikapo Agosti. Mwaka 2017, katika bonde la mto Columbia linaloikata milima hii, fataki iliyorushwa na kijana mmoja iliwasha moto wa Eagle Creek uliounguza takriban hekta 20,000. Mwaka 2021 moto wa Dixie, ambao haukusababishwa na wapiga kambi, ulipita katika zaidi ya nusu ya hifadhi ya Lassen, na anayetembea huko sasa hupita katikati ya vigogo vyeusi kwa muda mrefu. Jiko la gesi linaloweza kuzimwa kwa kuzungusha kifundo huruhusiwa mara nyingi hata pale kuni zinapopigwa marufuku, na sijaona safari iliyovunjika kwa sababu hiyo.

Suala la mawe ni jepesi zaidi. Kule kwenye volkano ya Newberry, huko Oregon, kwenye mtiririko wa lava ya obsidiani wenye umri wa miaka ipatayo 1,300, kila jiwe ni kioo cheusi na kila mkono unawashwa kuokota. Ni marufuku ndani ya eneo hilo, na ni sawa iwe marufuku, kwa kuwa kipande kimoja kwa kila mgeni kingeacha njia nzima ikiwa tupu. Mwenye hamu ya jiwe aende Glass Buttes, mashariki zaidi katika Oregon hiyohiyo, ambako wananchi wanaruhusiwa kuokota kwa matumizi yao binafsi.

Kuna mahali ambapo nakubaliana na mwenzetu, na sitaki nionekane ninatetea kila kitu. Tangu 2021 njia nyingi katika maeneo ya nyika ya Three Sisters, Mount Jefferson na Mount Washington, huko Oregon, zinahitaji kibali katika majira ya joto, na vibali vya njia zenye sifa huisha upesi mtandaoni, jambo linalowapendelea wenye kazi za kupangika na wenye mtandao wa kasi. Nia ya kupunguza msongamano ni njema, ila utaratibu unamwadhibu asiyejua tarehe yake ya likizo mapema. Vilevile mbao nyingi za matangazo zinaamuru bila kueleza. Ubao unaosema tu "Usitoke nje ya njia" unamfanya mtu mzima ahisi anafokewa, ilhali mstari mmoja zaidi kuhusu pumisi au lupini ungetosha kumbadilisha.

Hapo ndipo gazeti lako linaweza kusaidia. Ukurasa wenu wa safari huchapisha picha nzuri za milima hii na orodha ya vilele vya kutembelea, lakini haumwambii msomaji kwamba njia za juu huwa na theluji hadi Julai, kwamba moshi wa misitu hutawala Agosti na Septemba, kwamba barabara ya McKenzie Pass inayopita katikati ya lava hufungwa kipindi chote cha baridi, wala kwamba barabara ya kwenda Johnston Ridge, kituo cha wageni cha kuutazama St. Helens, ilikatwa na maporomoko mwezi Mei 2023. Naomba kila makala ya aina hiyo iambatane na maelezo mafupi ya vibali vinavyotakiwa, tarehe ambazo njia hufunguliwa, na sababu ya kila katazo, ili msomaji ayajue kabla hajafunga mizigo na si baada ya kufika kwenye geti.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi