Baa nzuri Kisumu muulize dereva wa tuktuk

Kwako Mhariri,

Naandika hii barua kwa simu nikiwa nimepaki nje ya baa moja hapa Kondele, saa nne na nusu usiku, nangoja wateja, kwa hivyo mkiona herufi zimerukana mnisamehe. Ni kuhusu zile orodha za viwanja bora za kujiburudisha mnazotuwekea kwa kurasa za wikendi. Kila siku Nairobi, Nairobi, Nairobi, na siku mkikumbuka Kisumu mnatupatia hoteli mbili za Milimani na ingine moja yenye paa la kuangalia ziwa, basi, mmemaliza. Ni kama sisi wengine huku tunakunywa maji ya mvua.

Mimi naendesha tuktuk usiku, huu ni mwaka wa tisa. Mgeni akishuka basi ama akimaliza mikutano yake ananiuliza kitu kimoja tu, "bosi, tupeleke pahali pazuri", na hasemi pazuri kwake ni kupi. Zamani nilikuwa nawapeleka penye taa nyingi. Siku hizi naangalia vile watu wanatoka, kwa sababu wakiingia wote wanafanana, wamenyoa, wamejipuliza marashi, lakini kwenye saa sita hivi ndio baa inajulikana. Kuna baa watu wanatoka wakicheka wakisukumana nani alipe tuktuk. Kuna ingine wanatoka wamenuna, mmoja ameshika risiti anaimulika na tochi ya simu, na hapo hata mimi naogopa kutaja bei yangu.

Wacha niwaambie ya risiti. Mwaka jana nilibeba vijana watatu kutoka Nakuru waliokuwa wamekuja harusi, wakaniambia nisiende mbali, niingie nao ninywe soda wao watalipa. Nikaingia. Baa siitaji, iko hapo tauni, viti vya ngozi, kioo kila ukuta mpaka unajiona ukitafuna. Msichana aliyetuhudumia alikuwa mchangamfu sana, lakini chupa ikiisha tu, hata povu halijashuka, ameshainyakua ameenda nayo. Mimi nikadhani ni usafi. Bili kuja, bia kumi na saba, vijana wanasema kumi na mbili, na mimi na soda yangu moja nimeandikiwa tatu. Tatu! Mtu wa tuktuk anywe soda tatu usiku halafu haja ndogo aende kuachia wapi? Wakaita meneja, meneja akaita baunsa, baunsa hakusema neno alisimama tu akafunga mikono. Wakalipa na M-Pesa tukatoka, na kutoka hapo mpaka walikokuwa wamelala hakuna aliyefungua mdomo.

Sasa kuna mama mmoja wa Yimbo ana baa yake Nyalenda, ndogo, viti vya plastiki, ukipita haraka utadhani ni duka. Kwake kila meza inawekwa kisahani cha chai. Bia inafunguliwa hapo mbele yako, kizibo kinaangushwa kwa kisahani, tii, na hakuna mtu wa kukiondoa mezani mpaka ulipe. Ukitaka bili mnahesabu vizibo pamoja. Umelewa umesahau hata jina la babako, vizibo viko. Siku moja mzee alibishana akasema amekunywa nne, mama akamsogezea tu kisahani bila maneno, mzee akahesabu na kidole, mara ya kwanza sita, mara ya pili sita, akasema "haya basi, mbili zilijinywa zenyewe". Watu walicheka mpaka jikoni. Hiyo ndio baa nampelekea mgeni akiniambia hataki makuu.

Na choo. Mhariri, hakuna mwandishi wenu hata mmoja huandika kuhusu choo, na hiyo ndio kitu ya kwanza wateja wangu wa kike huniuliza. Kitasa kinafunga? Kuna stima huko nyuma? Maji? Kuna pahali pa kifahari kabisa ambapo choo iko mwisho wa kichochoro chenye giza na jamaa wamesimama hapo wanavuta sigara, dada akienda mara moja harudi tena, anamaliza kinywaji chake na kuniita. Na kuna ile mambo ya kuwekewa mchele kwa glasi, yaani dawa ya kulewesha ya wezi, mnaijua, nimebeba mwanaume mzima na suti yake hajui hata nyumba yake iko upande gani, simu hakuna, wallet hakuna. Baa ambayo wahudumu wanakujua, mtu akikusogelea na glasi yako wanaona. Kwa yule mama wa Yimbo ukiinuka kwenda choo anafunika glasi yako na kile kisahani, vizibo anavimwaga mezani.

Halafu mwache kudharau keg, bia ya pipa. Najua wenye chupa za kijani wanaona keg ni ya watu wa mjengo, lakini Senator Keg ilianza 2004 kusudi watu waache kunywa vitu vya kuwapofusha macho, na ile kiwanda ya bia ya Kisumu ilipofunguliwa tena 2019 inatengeneza hiyo keg na mtama, na mtama unatoka kwa wakulima wa huku, Siaya, Homa Bay na kwengineko. Kwa hivyo ukiniuliza bia ya Kisumu ni gani nitakuonyesha mapipa. Lakini keg ina masharti. Uliza pipa limefunguliwa lini, la juzi achana nalo. Nusa kwanza kabla hujanywa, kama paipu haijaoshwa mug inanuka kama kitambaa cha kupangusia meza, na hiyo kesho yake utaniambia. Angalia pia mug zinaoshwa wapi, karai moja ya maji ya asubuhi mpaka jioni, hapana.

Muziki ndio naona mnakosea zaidi. Mnasifu dijei kutoka Nairobi kana kwamba mtu amesafiri saa saba kwa basi kuja kusikia kitu ameacha kwao. Mgeni akiwa na bahati afike usiku wa ohangla, muziki wetu wa Kijaluo, ya bendi, ngoma zenyewe, orutu ile ya uzi mmoja ikilia, sio kinanda peke yake, ataona pakruok. Mtu anainuka kwa meza yake, anaweka noti, bendi inanyamaza, anapewa kipaza sauti anaanza kujisifu, yeye ni mtoto wa nani, anatoka wapi, mpenzi wake anatembea vipi, rafiki yake ni ndovu gani, watu wanapiga kelele, akimaliza ngoma inarudi kwa kishindo, halafu wa meza ya pili anasikia amechokozwa na yeye anaweka noti kubwa kuliko hiyo. Nimeona mtu amejisifu mpaka nauli, nikambeba kwa deni. Alilipa, siku ya nne. Kama hujui Kijaluo keti karibu na mzee yeyote atakutafsiria, na utamnunulia moja, ndivyo inaenda.

Wenye umri wangu tunapenda rumba, tena iwe ya sauti ya chini mtu aongee na mwenzake. Ile ya Kongo ilitiwa kwa orodha ya UNESCO Disemba 2021 lakini Kisumu tulikuwa tumeshaipitisha zamani. Siku hizi baa za rumba zinapungua, spika zinaongezeka. Kuna moja huko njia ya Mamboleo wateja wakitoka wananiambia wanakoenda kwa kupiga kelele ilhali tuko sisi wawili tu barabarani.

Ziwa nalo siwezi kukataa, ukija Kisumu lazima ulione. Zamani tungekupeleka Lwang'ni, kwa Kijaluo maana yake nzi, na jina halikumzuia mtu yeyote, vibanda vya samaki vilikuwa vimepangana ukingoni moshi unapaa, mpaka vikabomolewa. Siku hizi nawapeleka Dunga jua likianza kushuka. Unachagua samaki wako mwenyewe, ngege halisi, yaani tilapia, sio yule wa friza ya China, na ukiambiwa anaiva dakika kumi ujue ni uongo ama alikaangwa asubuhi. Ngoja. Kunywa polepole. Kuna siku wadudu wa ziwa wanakuja kama wingu la moshi wanaingia kwa taa, kwa glasi, kwa ugali, ukiona wenyeji wamefunika bia na kiganja na wewe funika. Na tafadhali ukimaliza usiende kutembea ukingoni gizani eti unapiga picha, viboko hutoka majini usiku kula majani na hawajui kama wewe ni mgeni.

Kuna jambo la saa pia. Ile sheria ya 2010 ambayo watu huita ya Mututho, mbunge aliyeileta, inasema baa ni saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku, wikendi inaanza saa nane mchana. Hivi ninavyoandika ni saa tano na dakika ishirini na hapa ndani ndio muziki unapanda. Mimi sio polisi. Lakini landcruiser ya polisi ikitokea ni mgeni asiyejua mlango wa nyuma ndio analala selo, wenyeji wote wameshafika kwao. Yule mama wangu saa tano kasoro robo anazima redio, anasema "watoto wa watu, nyumbani", na anakuitia tuktuk. Sio kwamba nampigia debe kwa sababu ya hiyo, ingawa sitakataa inanisaidia.

Kwa hivyo Mhariri ombi langu ni dogo. Mkituma mwandishi Kisumu tena asije na gari ya ofisi akae paani masaa mawili arudi. Aje Ijumaa, ashuke steji, akae mpaka watu wanatoka. Aandike bili ilikujaje, choo kilikuwa vipi, alirudi kulala na nini. Gari aache, alkoblow ya polisi ya kupima pombe iko, na mimi niko.

Wacha niishie hapo, mlango umefunguliwa. Wanatoka wawili, mmoja amebeba viatu mkononi anaimba, mwingine hana risiti. Hawa wanaenda Manyatta.

Dereva wa tuktuk,
Nyalenda, Kisumu