Tatizo si gitaa lake, ni sabufa zetu

Mhariri,

Wiki iliyopita mwandishi wenu wa burudani alimponda yule binti anayeimba na gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, Ijumaa jioni kwenye mgahawa mmoja hapa Dodoma mjini. Kama nilimwelewa, ana hoja mbili: nyimbo hazichezeki, na mtindo wenyewe ni wa kuiga Wazungu. Mimi ni fundi mitambo, nafunga spika kwenye maharusi na mikutano, na huyo binti nimeshamfungia maiki mara kadhaa. Naomba nafasi nijibu.

Kwamba hazichezeki ni kweli, wala hajawahi kudai zinachezeka. Anatunga mwenyewe, na anaimba yale ambayo mtu huyawaza akiwa peke yake. Upo wimbo wa mama aliyehamia huku na ofisi kutoka Dar es Salaam, akamwacha mwanawe kwa bibi. Kila usiku anapiga simu, hadi siku mtoto anapokea na kumwita shangazi. Kibwagizo ni hilo neno tu, shangazi. Siku alipouimba, dada mmoja meza ya kona aliacha chipsi zake zikapoa, na hapo televisheni ukutani ilikuwa inapayuka mpira wa Uingereza.

Hiyo ya kuiga Wazungu ndiyo iliyoniudhi. Hapa ni Ugogo, bwana! Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huuhuu, aliimba Kigogo kwa zeze na ilimba, ile ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na Waingereza ndio waliomfuata yeye. Lebo ya Real World ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa Uingereza, ilitoa albamu zake kabla hajafariki mwaka 2003. Najua nyimbo zetu nyingi ni za kundi, ngoma ya muheme huipigi peke yako. Lakini mtu kukaa na nyuzi zake akaimba yaliyomo moyoni, hilo halikuja na ndege.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Mitambo mingi ya mjini hapa imepangwa kwa ajili ya biti, besi imefunguliwa hadi mwisho. Ukisimamisha maiki mbele ya tundu la gitaa kavu, sauti inavuma kama pipa. Ukiongeza kidogo, spika zinapiga mluzi. Fundi mvivu anachofanya ni kulishusha gitaa mpaka lisisikike, halafu watu wanasema binti hana nguvu. Maiki inatakiwa ielekee pale shingo inapoungana na sanduku, besi ishushwe, spika zitangulie mbele ya mwimbaji. Ni kazi ya dakika chache. Na kiangazi chetu hiki kikavu kinakausha mbao, nyuzi zinahama. Ndiyo maana anatuni kila baada ya nyimbo mbili, jambo ambalo mwandishi wenu ameliita kupoteza muda.

Tarehe 11 Juni 1988, kwenye tamasha la Wembley la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, ambaye bado alikuwa kifungoni, Stevie Wonder aligundua diski ya kinanda chake haipo, akaondoka. Akarudishwa jukwaani Tracy Chapman, mwimbaji wa Marekani aliyekwisha kuimba mapema, yeye na gitaa lake kavu. Uwanja mzima ukamsikiliza, na wiki chache baadaye albamu yake ikawa namba moja Uingereza. Walikuwapo mafundi waliofanya gitaa moja lisikike uwanja mzima. Sisi linatushinda kwenye ukumbi wa meza ishirini.

Wenye migahawa nawaomba wazime televisheni nusu saa tu, na waache kumdai apige kopi za nyimbo za redioni ndipo wamlipe. Mwandishi wenu naye arudi, akae meza ya mbele, safari hii atuandikie maneno ya nyimbo zenyewe, maana makala nzima hakunukuu hata mstari mmoja. Ijumaa hii mitambo nafunga mimi.

Fundi mitambo,
Chang'ombe, Dodoma