Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Wanachama wenzangu,

Hesabu za pesa mtasomewa na mhazini, nisimnyang'anye kazi yake. Niseme tu kwamba ada zimeingia kwa kusuasua, na kwamba mitungi miwili ya kuzimia moto tuliyonunua ililetwa ikiwa na mihuri iliyokwisha kukatwa. Tumeirudisha. Muuzaji alitulipa, shingo upande.

Jambo lililoleta maneno mwaka huu ni uamuzi wa kamati wa kutumia jioni tatu kati ya nne za mafunzo yetu mamarshali, yaani wasimamizi wa usalama njiani, kusoma historia ya uwanja mmoja wa mbio za magari, Kyalami wa Afrika Kusini. Simu zilinijia nyingi. "Sisi mamarshali wa rali tunasimama kwenye vumbi la Naivasha, Mwenyekiti. Lami ya watu yatuhusu nini?" Leo nitajibu.

Kyalami uko kati ya Johannesburg na Pretoria, ulifunguliwa mwaka 1961. Jina ni la Kizulu, maana yake nyumbani kwangu. Mzee wetu wa Kilifi aliposikia alicheka: "Si kaya hiyo jamani?" Na kweli, maneno hayo ni ya ukoo mmoja.

Jioni ya kwanza ilikuwa tamu. Tulimsikitikia John Love wa Rhodesia, ambaye Januari 1967 aliongoza mbio za ubingwa wa dunia kwa gari lake binafsi, kisha ikambidi aingie kuongeza mafuta mizunguko michache kabla ya mwisho. Pedro Rodríguez akampita, akashinda. Tulimwona Jim Clark akishinda siku ya Mwaka Mpya 1968, ushindi wake wa 25 na wa mwisho katika Formula 1. Aprili mwaka huo alikufa mbioni Hockenheim, Ujerumani. Fundi wetu wa Nyahururu naye alitueleza kwa nini Renault ya turbo, yenye injini inayosukumiwa hewa kwa nguvu, iliwatesa wenzake kule: uwanja uko juu, hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hukosa pumzi. Mwaka 1979 dereva wake Jabouille aliipatia turbo nafasi ya kwanza ya kuanzia mbio katika historia ya Formula 1, hapo hapo Kyalami.

Lakini nilichotaka mkione kilikuwa jioni ya pili.

Tarehe 5 Machi 1977 gari la Renzo Zorzi lilisimama kando ya sehemu iliyonyooka, mkabala na gereji za timu, likashika moto mdogo. Marshali wawili wakakurupuka kutoka ng'ambo bila kusubiri amri. Wa kwanza akavuka. Wa pili, Frederik Jansen van Vuuren, kijana wa miaka 19, alikuwa amebeba mtungi wa kilo 18. Magari yalikuwa yanatokea nyuma ya mwinuko. Hans Stuck alikwepa kwa bahati; Tom Pryce, aliyekuwa nyuma yake, hakuweza. Kijana alikufa papo hapo, na mtungi wake ukampiga Pryce kichwani ukamuua. Zorzi alitoka salama.

Tulitoka nje ya ukumbi, tukachora chokaa upana wa mita 12, tukajaza lita 18 za maji kwenye jerikani. Kijana wetu mwepesi kuliko wote, yule mchezaji wa raga, alivuka kwa sekunde nne, maji yakimmwagikia viatuni. Gari linalokwenda kilomita 270 kwa saa linakula mita 75 kila sekunde. Katibu aliandika 300 ubaoni. Hajaifuta hadi leo.

Kuna aliyeniuliza, "Na Mike Hailwood je?" Swali zuri. Mwaka 1973, uwanja huo huo, Hailwood aliingia motoni kumfungua dereva mwenzake Clay Regazzoni. Nguo zake zikashika moto, zikazimwa, akarudi tena. Uingereza ilimpa nishani ya ushujaa, George Medal. Ila Hailwood na Regazzoni walikuwa wamegongana. Alikuwa tayari yuko pale pale. Hakukatiza mbele ya magari yanayokuja.

Ndiyo maana yule mwenzetu aliyekimbilia gari lililonasa, na jingine limeshaanza kusikika kwenye kona, nilimsimamisha msimu mzima. Najua wengine mnaona nilikuwa mkali. Sijabadili mawazo.

Jioni ya tatu tulirudia filimbi na bendera tu. Ya nne ilikuwa ya mbio za Kyalami za 1985, Afrika Kusini ikiwa chini ya hali ya hatari na ubaguzi wa rangi. Timu za Renault na Ligier zilikataa kwenda, wengine wakaenda, Nigel Mansell akashinda. Formula 1 haikurudi Kyalami hadi 1992. Tulibishana hadi saa nne usiku kama sisi tungekubali kushika bendera siku ile, na hatukuafikiana.

Kamati inaleta kanuni moja mpya: hakuna kuvuka njia bila filimbi ya mkuu wa kituo, hata kama kuna moto. Kura ni baada ya chai. Jerikani liko nje, limejaa, kwa anayetaka kujaribu kwanza.