Mazabodi 21 Hazina Nyumba: Wito wa Harambee ya Karakana ya Shule Yetu

Kwa wazazi wetu, wahitimu wetu popote mlipo, majirani wa Isongole, Uyole na Tukuyu, na kila anayeitakia mema shule hii: shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzetu.

Kwenye stoo ya zamani, ambayo sasa tunaiita maabara ya kompyuta, kuna meza moja ndefu. Juu yake zimelala mazabodi 21, yaani bodi kuu za kompyuta, zimefunikwa kitenge. Zote ni nzima. Mwezi uliopita niliziwasha moja moja kwa mkono wangu na kila moja iliitika. Tumezifunika kwa sababu hazina makasha, na ukungu wa huku kwetu mnaujua: acha msumari nje wiki mbili za mwezi Juni uone utakavyoota kutu.

Mazabodi hizi tuliletewa na mhitimu wetu mmoja anayefanya kazi Dar es Salaam. Kazi yake ni kufungua mashine za kaunta za madukani ambazo wenyewe wameshaziacha. Alikusanya 26, akazipanga kwenye maboksi mawili na kuyapakia kwenye basi, nasi tukayapokea Uyole. Nne zilikuwa zimekufa tayari. Zikabaki 22.

Ya 22 tuliiua sisi wenyewe. Kijana wa kidato cha pili aliinama kusoma maandishi kwenye monita, rula ya chuma ikachomoka mfukoni mwa shati lake na kuangukia mazabodi iliyokuwa inawaka. Cheche moja, harufu ya kuungua, kimya. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mtoto alilia sana, na mimi sikuwa na neno la kumkemea, maana kosa lilikuwa langu. Nilimkalisha mwanafunzi mbele ya mashine iliyo wazi, nikitumaini tu kwamba hakuna kitakachoanguka. Siku ile ile mkuu wa shule aliagiza zisiwashwe tena darasani mpaka kila moja ipate kasha lake. Aliamua sawa.

Mtauliza kwa nini hatununui makasha. Tuliulizia. Mengi yanayouzwa mjini ni yale makubwa ya kusimama chini ya meza, yenye ujazo wa lita 35 na kuendelea, yametengenezwa kwa ajili ya mazabodi kubwa na pawa saplai (kisanduku cha kugawa umeme) ya ukubwa wa tofali. Zetu ni za kipimo kinachoitwa Mini-ITX, kilichotolewa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001: milimita 170 kwa 170, mraba unaokaribia upana wa daftari la shule. Zina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel Celeron J1900, ambayo kiwango chake cha joto ni wati 10 tu, na zinatumia volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye adapta. Kuiweka mazabodi ya namna hii kwenye kasha la lita 35 ni kumpangishia mtu mmoja ukumbi wa harusi. Makasha madogo yapo, lakini yanaagizwa nje, na tukijumlisha bei na nauli, kasha linakuwa ghali kuliko kilichomo ndani yake.

Kwa hiyo klabu ya kompyuta iliamua kubuni kasha lake. Hapa naomba mnivumilie niwaeleze kwa kirefu, kwa sababu hii ndiyo kazi mnayoombwa kuichangia, na nataka mjue watoto wenu wamefika wapi nayo.

Walianza na boksi la sabuni. Walikata, wakakunja, wakagundisha kwa gundi ya karatasi, wakaweka mazabodi ndani, wakaona panapobana. Sampuli ya boksi haigharimu kitu, na makosa yake ni ya bure, ndiyo maana nilisisitiza watengeneze tano kabla ya kugusa kitu kigumu. Ya sita ilikuwa ya plaiwudi kutoka Mafinga. Kwenye plaiwudi ndipo tulipojua kwamba matundu manne ya skrubu kwenye Mini-ITX hayapo kwenye pembe za mstatili kamili. Moja limeingia ndani. Aliyedhani ni mstatili (nami nilikuwa mmoja wao) alitoboa mara mbili.

Vipimo tulivyoviafiki ni milimita 200 kwa 200, na kimo milimita 65. Huo ni ujazo wa lita 2.6. Chukua kidumu cha mafuta ya kula cha lita 3: kompyuta nzima ni ndogo kuliko hicho. Katika nafasi hiyo kila milimita ina mwenyewe. Diski ya kuhifadhia data (SSD), kwa mfano, tulitaka isimame pembeni ya mazabodi, pale penye uwazi. Binti mmoja wa kidato cha tatu akaipima kwa kalipa: upana wake ni milimita 69.85, na kimo cha ndani cha kasha, ukitoa unene wa bati juu na chini, ni 63. Haiingii. Wengine walitaka kasha liongezwe kimo. Yeye akasema diski ining'inizwe kwenye kifuniko, kwa kuwa unene wake ni milimita 7 tu na juu ya mazabodi pana nafasi. Tukafanya hivyo. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa na furaha ambayo sijaipata kwenye matokeo ya mtihani wowote.

Joto lilitupa kazi kubwa zaidi. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shule yetu iko juu zaidi ya hapo. Watu hudhani kwa kuwa huku kuna baridi, mashine haiwezi kupata joto. Ukweli ni kwamba hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 15, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Ndani ya sampuli ya plaiwudi isiyo na matundu, prosesa ilifika nyuzi 84 kwa saa moja. Tulipotoboa matundu upande wa chini na upande wa juu, hewa ya moto ikawa inapanda na kutoka yenyewe, ya baridi ikiingia kutoka chini kama kwenye dohani la jiko. Ikashuka hadi nyuzi 63, bila feni. Kukosekana kwa feni ni faida kubwa kwetu, maana feni ndiyo inayovuta vumbi la Septemba na ndiyo inayokufa kwanza. Matundu ni ya milimita 3, mende mkubwa hapiti.

Kasha litafungwa nyuma ya monita. Monita nyingi zina matundu manne ya skrubu mgongoni, ya milimita 100 kwa 100, na sisi tumeyaweka yale yale kwenye sakafu ya kasha. Meza inabaki na nafasi ya daftari na viwiko vya wanafunzi wawili. Sehemu za kuchomeka flashi zinaangalia pembeni ili mtoto azifikie bila kuzunguka meza.

Sampuli ya saba ilikuwa ya bati la kuezekea, geji 28, lililobaki tulipoezeka choo cha wasichana. Lilikunjika kama jani la mgomba ulipoliegemea. Tukaenda kwenye shiti ya chuma ya milimita 1, na hiyo ikatufundisha somo ambalo sikuwahi kulifundisha ubaoni. Sakafu ya kasha ina mikunjo miwili: 65, 200, 65. Tukajumlisha, tukakata 330. Ilipokunjwa ikazidi kwa milimita 3 na nusu, kifuniko kikakataa kuingia. Ndipo fundi wa mabati wa Mwanjelwa, mzee mwenye subira, alipowaita vijana karibu na kuwaonyesha: bati likikunjwa linavutika kwenye kona, kwa hiyo ukikata kwa hesabu ya nje unapata kitu kirefu kuliko ulichotaka. Kwa unene wetu ni karibu milimita 1.75 kwa kila mkunjo. Tulipokata 326.5, kifuniko kiliingia na kutoa mlio mdogo wa "tak". Vijana walikifunga na kukifungua mara kumi kuusikia tu.

Sampuli hiyo ya nane ndiyo iliyopo ofisini kwa mkuu wa shule. Ina uzito wa kilo 1 na kidogo. Njooni muishike. Michoro yote wanafunzi wameichora wenyewe kwa FreeCAD, programu isiyolipiwa, kwenye laptopu yangu, kwa zamu.

Sasa tunahitaji kutengeneza 21, na hapo mikono mitupu imefika mwisho. Kila kasha lina matundu 120 ya hewa. Kwa makasha 21 ni matundu 2,520. Lile moja tulilitoboa kwa drili ya mkononi, tukavunja biti tatu, na mistari haikunyooka. Kukunja nako tulimtegemea mzee wa Mwanjelwa, ambaye ana wateja wake, na kila safari ni nauli ya watoto.

Bajeti yote ni shilingi 4,937,000. Kubwa kuliko zote ni mashine ya mezani ya kukunjia bati, 1,450,000, na drili ya mezani, 480,000. Monita 12 zilizotumika, kwa kuwa tunazo 9 tu, ni 1,320,000. SSD 21 ni 945,000, na adapta za volti 12, zile zile za kamera za ulinzi, ni 252,000. Biti, tupa, skrubu na rangi ya kupulizia ni 310,000. Shiti mbili za chuma ni 180,000. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 42, kila kasha linakula viwili, kwa hiyo hesabu inatoka makasha 21 kamili. Lakini nimeshawaona vijana wangu wakijifunza kukunja, na shiti ya pili ni ya kujifunzia huko. Siwezi kuwaomba wafanye kazi kwa hofu ya kuharibu kipande cha mwisho.

Walimu na wafanyakazi wa shule tumeshachanga 337,000. Wahitimu walioko Dar es Salaam wametuma 600,000, na tunawashukuru sana. Kilichobaki ni shilingi 4,000,000.

Kwenye kikao cha wazazi, baba mmoja aliuliza kwa nini fedha hizo zisinunue kompyuta zilizotumika tukamaliza. Ni swali la haki. Kwa bei tuliyoambiwa mjini, 350,000 kwa kila moja pamoja na monita, fedha hizo zinanunua 14. Kwa njia yetu tunapata 21, na baada ya hapo mashine ya kukunjia na drili zinabaki shuleni, na pia wanabaki vijana wanaojua kuzitumia. Mwaka ujao watakunja mifereji ya kuvunia maji ya mvua ya madarasa, na mvua hatukosi.

Kompyuta zenyewe zitafanya kazi bila kutegemea bando. Tutapakia Linux nyepesi, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na kwa programu ya Kiwix tutaweka Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza ndani ya diski moja ya maabara, mtoto aisome hata siku intaneti haipo.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi Julai, saa 4 asubuhi, uwanja wa shule. Asiyeweza kufika anaweza kuacha mchango au ahadi kwa mweka hazina, ofisi ya mkuu wa shule, na kila atakayetoa atapewa risiti, hata ikiwa ni shilingi 500. Kamati ina watu watano, wawili wao ni wazazi mliowachagua ninyi, na orodha ya mapato na matumizi itabandikwa kwenye mlango wa maabara kila Ijumaa hadi kasha la mwisho lifungwe. Anayetaka kubeba kompyuta moja peke yake, kuanzia SSD hadi skrubu, atuambie. Jina la familia yake litaandikwa ndani ya kifuniko, na mwanafunzi atakayelikunja kasha hilo atamwandikia barua.

Najua Julai fedha taslimu ni chache na viazi ni vingi. Leteni viazi. Leteni mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu, debe la mahindi, kuku, mchele kwa wenye ndugu Kyela. Vyote vitanadiwa hapo hapo. Akina mama wa jikoni wameahidi chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha kwa wageni wote, na wanafunzi watakunja kasha moja mbele yenu, kuanzia bati hadi mashine kuwaka.

Vaeni majaketi, upepo wa asubuhi uwanjani ni mkali. Wanaokuja na magunia washushe upande wa lango la chini kabla ya saa 3, mizani itakuwa hapo.

Mwalimu mlezi wa klabu ya kompyuta, kwa niaba ya kamati ya harambee