Mdogo wangu, sahani ile ungeipokea

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Mstari mmoja, hata salamu hamna: nikipita Istanbul nikununulie lokum na baklava za harusi ya binti yako. Nitanunua. Yule ni mwanangu kama alivyo wako, na ugomvi wetu haumhusu. Lakini kwa kuwa simu zangu hupokei, nakujibu hapa, na wengine wasome.

Lokum nitachukua kwa Hacı Bekir kule Eminönü, duka la tangu 1777, lile lililokufanya uulize, tulipokwenda pamoja, kama bibi wa bibi yetu alikuwa keshazaliwa. Nitachanganya za waridi na za limau. Ulisema ni halua iliyokosa samli, na ulisema kweli: wanga na sukari, vikorogwe motoni muda mrefu mpaka vishikane. Baklava, zile tabaka za unga mwembamba zenye njugu na shira, usitarajie ile tuliyokula Karaköy. Ile ina shira nyingi, itafika Unguja imelegea. Nitaleta ile wanayoiita kuru baklava, shira yake kidogo, imetengenezwa kwa ajili ya safari. Usije ukaitia kwenye friji, samli itaganda. Künefe, ile ya tambi na jibini yenye shira, ndiyo haibebeki, huliwa papo hapo ya moto, jibini ikivutika. Unakumbuka jibini ilivyokunatia kidevuni, tukacheka mpaka mwenye duka akacheka nasi? Ulimaliza sahani yako ukahamia yangu, nami nikakuachia kama ninavyokuachia tangu utotoni. Nilikupenda sana siku ile.

Ndiyo maana yale ya Üsküdar, mtaa ule wa Istanbul tulikopanga, hayanitoki.

Jirani wa chini kafiwa na mumewe. Jioni harufu ya siagi ikapanda ngazi mpaka chumbani kwetu. Binti yao akagonga, macho mekundu, sahani mkononi: irmik helvası, semolina iliyokaangwa kwa siagi ikabadilika rangi, na mbegu za msonobari ndani. Wenzetu wakifiwa hukusanyika jikoni, wakapokezana mwiko, anayekoroga akimsomea marehemu, kisha hugawia majirani. Tulikuwa majirani, hata kama nyumba tulipanga ya siku chache. Wewe ukatikisa kichwa, ukamrudishia sahani vile vile ilivyojaa, ukafunga mlango. Ukaniambia hatuli matanga ya watu tusiowajua.

Mama alitulea hivyo? Sahani ya jirani ikija na kaimati, kwetu ilirudi na tambi. Hairudi tupu. Waturuki nao wana ada hiyo hiyo. Wewe ukairudisha imejaa, kwa mtoto aliyefiwa na baba yake siku ile ile!

Nilishuka. Nilichukua boksi la lokum tulilowanunulia shangazi zetu, nikampa mjane, nikakaa naye, nikala ile helva. Lugha hatukuelewana, ila Fatiha tuliisoma pamoja. Ulinuna kwa ajili ya lile boksi. Tulivyorudi nyumbani nikasikia unawaambia watu kwamba dada yako ana tamaa, anafuata vyakula vya misiba hata ugenini. Mbele ya wifi zangu!

Sasa utakuwa mama wa bibi harusi, na nyumba yako itajaa watu. Nakusihi, anayekuletea kitu mpokelee, hata kama ni mtu usiyemjua, hata kama ni kisahani cha visheti. Onja mbele yake. Kuonja hakukupunguzii kitu, na aliyetembea na sahani amekuheshimu. Mimi sikushuka ngazi zile kwa njaa, tulikuwa tumetoka kula. Nilishuka kwa sababu mama alipotutoka majirani walitulisha siku zote za msiba, na wengine mpaka leo hatujui majina yao. Ulikula wewe, nikala mimi. Wali wa nazi ule ulikuwa wa nani? Hukuuliza. Kwa hiyo neno tamaa silikubali, na hao uliowaambia nataka uwaambie tena, safari hii kama ilivyokuwa.

Vitu vya harusi nitavileta mwenyewe, sitampa mtu abebe. Boksi moja la lokum ni la shangazi, lile wanalonidai, usilihesabu kwenye ya wageni. Nahitaji kujua unategemea watu wangapi ili ninunue vya kutosha. Usiniandikie. Nipigie.

Dada yako