Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Usugu wa Mbu na Kupe, na Vipimo Tunavyovitegemea

Ndugu wanachama,

Swali lililotufikia mara nyingi zaidi mwaka huu, kutoka kwa wafugaji wa Kwimba na watumishi wa zahanati za Ukerewe, ni moja: je, dawa zimeshindwa, yaani mbu na kupe wamekuwa sugu na hawafi tena? Kamati ya utendaji inaona hatuwezi kujibu kwa haki kabla ya kukagua jinsi tunavyopima. Ndiyo maana taarifa hii imekaa zaidi kwenye vipimo. Hesabu za fedha zimo katika karatasi ya mweka hazina.

Kwa upande wa mbu, mkoa wetu wa Mwanza umetoa ushahidi mkubwa. Utafiti wa vyandarua uliofanyika katika vijiji 72 vya Wilaya ya Misungwi na kuchapishwa 2022 ulionyesha kwamba chandarua chenye pairethroidi (dawa ya kawaida ya vyandarua) pamoja na klorofenapiri (dawa ya pili inayoua kwa njia tofauti) kilipunguza visa vya malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, kikilinganishwa na kile cha pairethroidi pekee. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vyandarua hivyo vya mchanganyiko. Lakini klorofenapiri haiui kwa namna tuliyoizoea. Pairethroidi hushambulia mishipa ya fahamu na mbu huanguka upesi. Klorofenapiri huingia ikiwa bado si sumu kali. Vimeng'enya vya mbu mwenyewe, vilevile vinavyomsaidia kuivunja pairethroidi, ndivyo huigeuza kuwa sumu inayokata nishati ya mwili. Anayehesabu vifo saa 24 baada ya mbu kugusa dawa kisha akafunga daftari atatangaza usugu usiokuwepo. Hesabuni hadi saa 72, katika chumba cha nyuzijoto 27, tofauti isizidi mbili juu au chini, kwa kuwa mbu aliyepoa huigeuza dawa polepole.

Kwa kipimo cha kawaida cha mirija ya pairethroidi, utaratibu haujabadilika: mbu majike ambao hawajanyonya damu, wenye umri wa siku 3 hadi 5, 20 hadi 25 kwa kila mrija, saa moja kwenye karatasi yenye dawa, halafu sukari na mapumziko ya saa 24. Vifo vikiwa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika. Vikifika 98 na kuendelea, mbu hao bado wanakufa kwa dawa. Mirija isiyo na dawa ikionyesha vifo vya asilimia 20 au zaidi, kipimo chote kitupwe. Najua inauma kutupa kazi ya siku nzima, lakini namba mbovu ikishaingia kwenye ramani ya wilaya haiondoki kirahisi.

Wanaotega mbu kando ya ziwa wana tatizo lao. Mtego wa taa hujaa vidudu vya ziwani, na wingi wao huwavunja mbu miguu na mabawa mpaka hawatambuliki. Tegeni ndani ya nyumba, upande wa miguu wa kitanda chenye chandarua, mita 1.5 kutoka sakafuni, mbali na dirisha. Vidudu hivyo havina mdomo mrefu wa kunyonyea. Hapo ndipo pa kuanzia kuchambua. Mbu wahifadhiwe wakavu juu ya silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) yenye pamba katikati, maana unyevu huleta ukungu.

Kuhusu kupe nina mengi zaidi, kwa sababu huko ndiko dawa inalaumiwa bila kosa. Amitrazi, dawa ya kuua kupe, ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji, yaani mililita 32 kwa pampu ya lita 16. Pampu moja ikigawanywa kwa kundi zima, ngozi hailowani. Kupe wa sikio, anayeeneza ndigana kali (ugonjwa unaoua ng'ombe, hasa ndama), hukaa ndani kabisa ya sikio ambako mvuke wa pampu haufiki. Elekezeni mdomo wa pampu humo, kisha chini ya mkia na kwenye kinena. Huyu huanza kuambukiza baada ya kung'ang'ania siku kadhaa, kwa hiyo kumwahi mapema kunaokoa ndama.

Kwenye josho, yaani dimbwi la dawa la kuogeshea ng'ombe, kuna makosa mawili. Maji hayakorogwi, hivyo ng'ombe wa mwanzo hupita kwenye maji matupu. Warudishwe wapite tena. Pili, kwa dawa za pairethroidi, manyoya hubeba dawa nyingi kuliko maji yanayopungua. Anayejazia kwa kiwango kilekile cha mwanzo anazidi kuidhoofisha, na kiwango dhaifu ndicho kinacholea usugu. Fuateni kiwango cha kujazia kilichoandikwa kwenye kibandiko. Kupe bluu ndiye wa kuchunguzwa kwanza: hukaa kwa ng'ombe mmoja tangu uchanga hadi kushiba, hivyo kila kizazi hupigwa dawa ileile mara nyingi.

Kwa kipimo cha usugu wa kupe tunahitaji kupe majike walioshiba damu, wakiwa hai, katika chupa yenye matundu na pamba yenye unyevu kidogo. Kupe wa kuhifadhiwa kwenye spiriti ni kwa ajili ya utambuzi wa aina pekee. Mayai yakianguliwa, kupe wachanga hupimwa wakiwa na siku 14 hadi 21.

Papasi, aina nyingine ya kupe, tutawashughulikia mwaka ujao. Mitego ya taa haiwapati, kwani hujificha kwenye nyufa za sakafu za udongo.

Kamati imeazimia kwamba kuanzia Januari, kila sampuli ya kupe iambatane na chupa ya maji ya josho yaliyochotwa baada ya kukorogwa, jina la dawa na tarehe ya mwisho ya kuogesha. Fomu ziko kwa katibu.