Mababu wa wamisionari wa Shirati walikuwa wakimbizi

Mhariri,

Miaka yote ninayolinunua gazeti lako sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu ya Kanisa la Mennonite Tanzania imenishinda kuinyamazia. Eti tuliletewa injili na matajiri wa Kimarekani! Basi, kesi imekwisha, mwandishi kahamia kwenye picha za hospitali.

Mmisionari Elam Stauffer na wenzake waliofika Shirati, huku kwetu Rorya, mwaka 1934 walitumwa na kanisa la Mennonite la Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwandishi wenu angeuliza tu: na hao wa Lancaster, mababu zao walifikaje huko? Walikuwa wakulima wa Uswisi. Serikali ya Bern iliwafunga, ikawanyang'anya mashamba, wengine ikawauza wakavute makasia kwenye merikebu kama watumwa. Kosa lao ni kukataa kubatiza watoto wachanga na kukataa kushika silaha. Waliokimbilia bonde la mto Rhine, upande wa Ujerumani, nako hawakutulia. Mwaka 1710 kikundi kidogo kikavuka bahari, kikaanza kufyeka msitu karibu na kijito cha Pequea, hukohuko Lancaster. Kanisa la kuingia hawakuwa nalo. Walisali nyumbani kwa mchungaji wao, Christian Herr, nyumba ya mawe ambayo imesimama hadi leo, na juu ya mlango pamechongwa mwaka 1719.

Walichonga kwenye jiwe, Mhariri. Sisi je? Mwaka jana nilikwenda kanisa moja la kijijini huku Rorya kutafuta jina la marehemu baba katika daftari la ubatizo. Katibu akanipa daftari lisilo na kurasa za mwanzo. Kuuliza, naambiwa zilichanwa zikafungiwa karanga. Karanga! Jina la baba yangu, siku aliyobatizwa, mkono uliombatiza, vimetupwa njiani pamoja na maganda. Na wiki hiyohiyo kanisa lilikuwa limechangisha fedha za spika mpya, kwa sababu za majirani zinavuma zaidi. Sasa usiku wa Jumamosi wagonjwa hawalali.

Kila kanisa linunue kaunta buku mbili na sanduku la bati lenye kufuli, ndani watie naftalini. Jumapili baada ya ibada mzee mmoja akae nusu saa na kijana aliyemaliza kidato cha nne. Mzee aseme anayoyakumbuka, kijana aandike kwa wino, si penseli. Waanze na akina mama, maana ndio waliobaki wengi. Kwetu yuko mmoja anayekumbuka nyimbo za ubatizo wa baba. Macho yameshafifia.

Msomaji wenu,
Rorya, Mara